Jina la Kosa Kabla ya Uzito wa Adhabu: Uhakiki wa Lugha ya Sheria za Faragha nchini Uganda na Nchi Jirani

Ikisiri

Katika Afrika ya Mashariki, mijadala kuhusu watu wanaowachungulia wenzao, kuwarekodi kwa siri na kusambaza picha zao za faragha huishia mara nyingi katika dai moja: adhabu iongezwe. Makala haya yanahakiki lugha ya sheria zinazogusa makosa hayo nchini Uganda, yakiilinganisha na lugha ya sheria za Kenya na Tanzania, na kutazama kwa ufupi India, Uingereza na Korea Kusini, ambako sheria za aina hiyo zimepitiwa upya. Hoja kuu ni kwamba uzito wa adhabu hauna maana pasipo jina sahihi la kosa. Pale kosa linapoitwa uchafu, adhabu kali humwelemea hata aliyedhulumiwa. Pale linapoitwa kurekodi bila idhini, adhabu hiyo hiyo humwelemea mwandishi wa habari. Makala yanapendekeza kwamba Kiswahili, kinapoingia katika sheria za ukanda huu, kilitaje kosa kwa misingi mitatu: faragha, ridhaa na tendo la mtendaji.

1.0 Utangulizi

Mfano wa kufikirika utasaidia kuweka suala hili wazi. Mpangaji wa chumba kimoja jijini Kampala, kile wenyeji wanachokiita muzigo, anaoga katika bafu la pamoja lililoko uani. Jirani anapitisha simu juu ya ukuta na kumrekodi. Baada ya siku mbili, video ile imo katika simu za watu asiowafahamu. Mpangaji anakwenda kituo cha polisi kushtaki. Swali la kwanza analostahili kuulizwa ni nani aliyemrekodi na nani aliyeisambaza video. Hata hivyo, sheria ikiwa imeandikwa kwa jicho linalotazama picha badala ya kumtazama mtendaji, swali la kwanza litakuwa video yenyewe inaonyesha nini. Kati ya maswali hayo mawili upo umbali mkubwa, na umbali huo ni wa lugha kabla haujawa wa sheria.

Suala hili linawahusu wataalamu wa Kiswahili kwa sababu ya wakati. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukitumia kama lugha rasmi. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Tanzania, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, ilikifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Istilahi za makosa ya faragha zitahitajika katika hati za mashtaka, katika hukumu na katika daftari la polisi. Istilahi ikishazoeleka huwa vigumu kuing'oa. Kwa hiyo inafaa kuhakiki maneno yaliyopo sasa, kabla hayajaota mizizi.

2.0 Heshima ya mwanamke kama kitu cha kutukanwa

Makosa ya kuingilia faragha yalifika katika sheria za jinai za ukanda huu kupitia India. Kanuni ya Adhabu ya India, iliyopitishwa mwaka 1860, ilikuwa na kifungu cha 509 kilichomtia hatiani mtu ambaye, kwa nia ya kuitukana haya ya mwanamke, anatamka neno, anafanya ishara au anaingilia faragha yake. Kanuni hiyo ilitumika pia katika maeneo ya Afrika ya Mashariki yaliyokuwa chini ya Waingereza, hadi kanuni mpya zilipotungwa kuanzia mwaka 1930. Kanuni zikabadilika, lakini maneno yakabaki. Kanuni ya Adhabu ya Uganda ya mwaka 1950 iliendeleza mantiki ile ile: kosa dogo, la kifungo kisichozidi mwaka 1, dhidi ya mtu anayeingilia faragha ya mwanamke au msichana kwa nia ya kuitukana haya yake.

Mambo mawili yanajitokeza katika maneno hayo. Kwanza, kinacholindwa ni haya, wala si mtu. Mwanamke anaingia katika kifungu kama chombo kilichobeba haya, na mahakama inalazimika kuipima haya hiyo kabla ya kumpima mshtakiwa. Pili, mwanamume au mvulana anayechunguliwa hana nafasi katika kifungu hicho, kwa kuwa haya inayotajwa ni ya jinsia moja.

Kiswahili cha mahakama kimerithi mtazamo huo. Nchini Tanzania, kosa la kumshika mtu sehemu za mwili kwa namna ya kingono huitwa shambulio la aibu. Muundo wa kirai hicho unastahili kutazamwa. Kihusishi “la” kinaiambatanisha aibu na shambulio, lakini hakisemi aibu ni ya nani. Je, ni shambulio linalomtia aibu anayeshambulia, au linalomwachia aibu aliyeshambuliwa? Msikilizaji wa kawaida huchukua maana ya pili, kwa sababu katika matumizi ya kila siku anayepatwa na aibu ni yule aliyeonekana. Hivyo istilahi, hata kabla ya ushahidi kusikilizwa, imekwisha kumgawia mlalamikaji sehemu ya mzigo.

India yenyewe iliutambua upungufu huo. Mwaka 2013, baada ya maandamano makubwa yaliyofuata ubakaji na mauaji yaliyotokea Delhi mwishoni mwa mwaka 2012, bunge lilipandisha kifungo cha juu katika kifungu cha 509 kutoka mwaka 1 hadi miaka 3. Muhimu zaidi, liliongeza kifungu kipya cha 354C kinachomhusu mwanamume anayemtazama au kumpiga picha mwanamke akiwa katika tendo la faragha, mahali ambapo kwa kawaida angetarajia asionekane. Adhabu yake ilikuwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa kosa la kwanza, na miaka 3 hadi 7 kwa kosa la kurudia. Maelezo ya kifungu hicho yalifafanua jambo ambalo sheria nyingi za ukanda wetu hazijalisema: mtu anaweza kuridhia kupigwa picha bila kuridhia picha hiyo ipelekwe kwa wengine, na kuipeleka ni kosa. Kifungu hicho bado kilimtaja mwanamke pekee kama mwathiriwa, na hilo ni pungufu. Hata hivyo, kilihamisha swali kutoka kwenye haya hadi kwenye matarajio ya mtu na ridhaa yake. Adhabu iliongezwa, lakini kosa lilipewa jina jipya kwanza.

3.0 Uganda: adhabu mbili kali, majina mawili yaliyopotoka

Historia ya karibuni ya Uganda inaonyesha kinachotokea adhabu inapopanda bila jina kurekebishwa. Sheria ya Kupinga Ponografia ilitiwa saini mwezi Februari 2014. Kifungu cha 13 kiliweka kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni 10 za Uganda, au vyote viwili, kwa mtu anayetengeneza, kuchapisha au kusambaza ponografia ya aina yoyote. Kwa kipimo cha ukali, hiyo ilikuwa hatua kubwa ikilinganishwa na mwaka 1 wa Kanuni ya Adhabu. Lakini tafsili ya ponografia katika kifungu cha 2 ilitazama kile kinachoonyeshwa na msisimko unaokusudiwa. Haikuuliza kama anayeonekana aliridhia.

Matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha. Mitaani sheria hiyo ilibatizwa jina la sheria ya sketi fupi, ingawa sketi hazikutajwa. Katika wiki zilizofuata kutiwa saini kwake, makundi ya watu yaliwashambulia na kuwavua nguo wanawake hadharani kwa madai kwamba mavazi yao yanakiuka sheria, na wanawake wakaandamana Kampala kupinga udhalilishaji huo. Mwishoni mwa mwaka huo huo, picha za utupu za mwanamuziki mmoja zilisambaa, zikiripotiwa kutolewa na aliyekuwa mpenzi wake; waziri aliyehusika na maadili akataka mwanamuziki huyo akamatwe. Kwa mantiki ya sheria ile, waziri hakuwa amepotoka sana. Ikiwa kosa ni picha, basi kila aliye ndani ya picha ni mshukiwa. Upotofu ulikuwa katika jina la kosa lenyewe.

Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu muhimu vya sheria hiyo, kikiwemo cha 2 chenye tafsili na cha 13 chenye adhabu. Ibara ya 28 ya Katiba inataka kosa la jinai lifafanuliwe, ili raia ajue kabla ya kutenda kwamba tendo lake limekatazwa, na tafsili ile haikukidhi sharti hilo. Uamuzi huo unaweza kusomwa pia kama uhakiki wa lugha: miaka 10 iliangushwa na sentensi moja iliyoandikwa vibaya. Anayetetea adhabu kali hana budi kuuzingatia mfano huu, kwa sababu sheria kali isiyoeleweka haidumu, na inapoanguka huwaacha waathiriwa bila kinga waliyoahidiwa.

Hatua ya pili ilikuja mwaka 2022, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 iliporekebishwa. Mabadiliko hayo yalilifanya kosa lenye kifungo cha hadi miaka 10 kumrekodi mtu mwingine sauti au video bila idhini, au kushiriki taarifa zinazomhusu bila idhini. Safari hii ridhaa inaelekea kutajwa, na msomaji angeweza kudhani kwamba somo la mwaka 2014 limeeleweka. Uchambuzi wa maneno unaonyesha vinginevyo. Neno lililotumika katika Kiingereza cha kifungu hicho ni lile la ruhusa ya mwenye mamlaka, ambalo asili yake katika sheria hiyo ni ruhusa ya kuingia katika mfumo wa kompyuta. Mwili wa mtu umewekwa katika kifungu kimoja na data za mashine. Isitoshe, kifungu hakikutaja mahali wala hali ya faragha. Kwa hiyo anayeingiza simu juu ya ukuta wa bafu na anayemrekodi askari akimpiga raia barabarani wanasimama mbele ya maneno yale yale. Wa kwanza amevunja faragha. Wa pili ametoa ushahidi.

Sheria ya mwaka 2014 ilitazama picha na kumsahau mtu. Marekebisho ya mwaka 2022 yalimtazama mtu yeyote popote alipo na kuisahau faragha. Zote mbili zilifikia miaka 10. Wala haikuwa mara ya kwanza neno faragha kupoteza maana yake katika sheria za mtandao nchini humo. Kifungu cha 25 cha sheria ile ya mwaka 2011 kilikataza kuivuruga amani, utulivu au haki ya faragha ya mtu kwa mawasiliano ya kielektroniki, na kilitumika kuwashtaki wakosoaji wa viongozi. Mahakama ya Katiba ilikibatilisha mwezi Januari 2023. Neno lililokusudiwa kumfunika mnyonge lilikuwa limegeuzwa ngao ya mkubwa.

4.0 Kenya na Tanzania: viunganishi vidogo, tofauti kubwa

Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, katika kifungu cha 37, inaadhibu usambazaji wa picha ya faragha au chafu ya mtu mwingine. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote. Nchini Tanzania, kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha ponografia kupitia mfumo wa kompyuta. Adhabu yake huanzia faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, na hupanda hadi faini isiyopungua milioni 30 au miaka isiyopungua 10 kwa ponografia inayohesabiwa kuwa ya kiasherati au chukizo.

Ukilinganisha miaka pekee, Tanzania ndiyo kali: kima cha chini chake kinapita mara tatu kima cha juu cha Kenya. Ukilinganisha lugha, picha inabadilika. Kifungu cha Kenya kina maneno “ya mtu mwingine”. Maneno hayo machache yanaleta mtu wa pili katika sentensi, na kwa hiyo yanaleta mwathiriwa. Kifungu cha Tanzania hakina mtu huyo. Kina mchapishaji na kitu kilichochapishwa. Msichana aliyemtumia mpenzi wake picha na mpenzi aliyeisambaza kijiji kizima wanaweza wote kuangukia katika kitenzi kimoja.

Hata hivyo, kifungu cha Kenya nacho kina kasoro mbili. Kinaziunganisha sifa mbili kwa kiunganishi “au”, picha ya faragha au chafu, kana kwamba ni visawe. Picha ya mama anayejifungua ni ya faragha bila kuwa na uchafu wowote. Vilevile kifungu hakitaji ridhaa. Pengo hilo linaonekana zaidi kinapowekwa kando ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo Ibara yake ya 31 inalinda faragha waziwazi. Mwaka 2016, miaka miwili kabla ya sheria ile ya mtandao, Mahakama Kuu ya Kenya ilikwisha kuamua, kwa kutegemea Katiba, kwamba kusambaza picha za utupu za mwanamke bila ridhaa yake kulivunja haki yake ya faragha, ikamwamuru aliyezisambaza alipe fidia ya shilingi milioni 1. Mahakama hiyo ilipata jina sahihi la dhuluma kabla ya watunga sheria.

Tanzania nayo ina hazina ambayo haijatumika. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia, maskani na mawasiliano yake, na maelezo ya pambizo ya ibara hiyo yanaiita haki ya faragha na ya usalama wa mtu. Neno faragha, kwa hiyo, tayari lina hadhi ya kikatiba katika Kiswahili. Halihitaji kubuniwa, linahitaji kushushwa kutoka pambizo ya Katiba hadi ndani ya vifungu vya jinai.

5.0 Sarufi inayomficha mtendaji

Lugha ya sheria haijitengi na lugha ya magazeti na ya mtaani. Vichwa vya habari vya Kiswahili hutangaza kwamba video imevuja au picha zimesambaa. Kitenzi vuja hakina yambwa wala hakihitaji mtendaji. Maji huvuja, paa huvuja. Hakuna wa kulaumiwa isipokuwa chombo kibovu. Picha inapovuja, msomaji huelekezwa kukitafuta chombo kilichotoboka, na chombo hicho ni yule aliyekubali kupigwa picha au aliyeoga bila kufunga mlango. Kitenzi sambaa nacho kinafanya kazi hiyo hiyo. Kiswahili kina njia nyingine ndani ya mfumo wake wa minyambuliko. Kauli ya kutendesha hutoa vujisha na sambaza, vitenzi vinavyodai mtendaji. “Amevujisha video” ni sentensi yenye mshukiwa. “Video imevujishwa” imemwondoa mshukiwa, lakini imeacha alama ya kwamba yupo. “Video imevuja” imemfuta kabisa.

Misimu ya mtaani inaongeza tatizo jingine. Nchini Tanzania, kuchungulia watu wakiwa katika faragha huitwa kupiga chabo, na video za siri zilizosambazwa huitwa koneksheni. Maneno yote mawili ni ya mzaha. La kwanza linaufanya uchunguliaji uonekane utundu wa ujanani, na la pili linaufanya usambazaji uonekane bahati ya mwenye marafiki wengi.

Korea Kusini ilikabiliana na hali inayofanana. Kwa miaka mingi kamera za siri vyooni na katika nyumba za wageni ziliitwa kwa neno molka, ufupisho uliopata umaarufu kupitia kipindi cha burudani cha televisheni cha miaka ya 1990 kilichowatania watu maarufu kwa kamera iliyofichwa. Mwaka 2017 serikali iliamua kuacha neno hilo katika hati zake na kutumia maneno yenye maana ya upigaji picha haramu, kwa hoja kwamba jina la mzaha hupunguza uzito wa kosa. Mwaka 2018 makumi ya maelfu ya wanawake waliandamana Seoul. Mwaka 2020 kifungo cha juu cha upigaji huo kilipandishwa kutoka miaka 5 hadi 7, na kununua, kuhifadhi au kutazama picha hizo kukawa kosa lenye kifungo cha hadi miaka 3. Kwa wanaisimu, mpangilio wa matukio hayo una funzo: jina lilibadilika kabla ya miaka kuongezeka.

6.0 Hodi, sitara na mwosha maiti

Husemwa mara nyingine kwamba faragha ni dhana ya kigeni, isiyoafikiana na maisha ya Kiafrika ya kuishi pamoja. Kiswahili chenyewe kinaikanusha kauli hiyo. Hodi ni taasisi ya kisheria iliyobanwa katika neno moja. Anayefika hubisha hodi, husubiri karibu, na asipojibiwa huondoka. Kwa Waislamu wa pwani desturi hiyo inaungwa mkono na Kurani, ambayo katika Sura ya An-Nur inawataka waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa, na warudi wakiambiwa warudi. Mantiki ya hodi ni mantiki ya ridhaa: kimya si ruhusa, na mlango ulio wazi si mwaliko. Anayechungulia ni mtu aliyeingia kwa macho bila kubisha hodi.

Dhana ya sitara inaongeza wajibu wa mtazamaji. Kumsitiri mtu ni kumfunika, hata pale ambapo umekwisha kumwona. Methali isemayo kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha inalenga hasa hapo. Mwosha ameona kwa haki. Ameitwa, amekabidhiwa mwili. Lakini haki ya kuona haikumpa haki ya kusimulia. Huo ndio ufafanuzi ambao India iliuandika mwaka 2013 kwa lugha ya sheria, na ambao mpenzi anayesambaza picha alizopewa kwa mapenzi hawezi kuukwepa. Alipewa kama mwosha, akatenda kama mpiga mbiu.

Pamoja na utajiri wake, neno sitara halifai kuwa istilahi ya kosa. Limebeba pia maana ya mavazi na mwenendo, na yaliyotokea Kampala mwaka 2014 yanaonyesha jinsi maneno ya mavazi yanavyoweza kugeuzwa fimbo. Likiandikwa katika kifungu, wakili wa utetezi atauliza kama mlalamikaji mwenyewe alijisitiri. Faragha ni salama zaidi, kwa kuwa linataja hali na mahali bila kuupima mwenendo wa aliyemo. Vivyo hivyo, ridhaa ni bora kuliko idhini. Idhini inaweza kutolewa na ofisi, na mume, na mwenye nyumba. Ridhaa hutoka kwa mwenye mwili, na anaweza kuitoa kwa jambo moja na kuizuia kwa jingine.

Kwa msingi huo, makosa mawili yanapaswa kutenganishwa. La kwanza ni kosa la kuchungulia faragha, linalojumuisha kumtazama au kumrekodi mtu, mwanamke au mwanamume, katika hali ambayo ana haki ya kutarajia asionekane, bila ridhaa yake. La pili ni kosa la kusambaza picha za faragha bila ridhaa, hata kama zilipigwa kwa ridhaa. Maneno picha chafu na picha za ngono hayana nafasi katika majina hayo.

7.0 Hoja ya adhabu kali

Wanaodai adhabu kali wana hoja nzito, na haitoshi kuwajibu kwa kuwakosoa wabunge. Picha iliyokwisha kuingia mtandaoni hairudi. Aliyechunguliwa anaweza kupoteza kazi, ndoa na masomo. Kifungo cha mwaka 1 kilichoachwa na ukoloni kilitungwa kabla ya simu yenye kamera, na kukiacha kilivyo ni kuidharau dhuluma. Katika hilo, dai la kuongeza adhabu ni la haki.

Pamoja na hayo, tangu Cesare Beccaria alipochapisha kazi yake juu ya makosa na adhabu mwaka 1764, imeelezwa kwamba kinachomzuia mkosaji ni uhakika wa kukamatwa zaidi ya ukali wa adhabu. Uhakika huo hutegemea walalamikaji kujitokeza, na mlalamikaji hatajitokeza iwapo jina la kosa linamhesabu kuwa mshiriki. Kima cha chini cha miaka 7 kina hatari nyingine pia: mlalamikaji ambaye mkosaji wake ni shemeji au mwanafunzi mwenzake anaweza kunyamaza kuliko kumpeleka jela kwa miaka yote hiyo.

Mwelekeo wa Uingereza unatoa funzo. Sheria ya mwaka 2003 iliuadhibu uchunguliaji kwa kifungo cha hadi miaka 2, lakini ilidai kuthibitishwa kwamba mkosaji alitafuta burudani ya kingono. Mwaka 2019 kosa la kupiga picha chini ya nguo liliongezwa, kwa kifungo cha juu kile kile, na nia ya kumdhalilisha mtu ikakubaliwa. Kisha Sheria ya Usalama wa Mtandaoni ya mwaka 2023 ikaweka kosa la msingi la kusambaza picha za faragha bila ridhaa, lisilohitaji kuthibitisha nia ya kumuumiza mtu, kwa adhabu ndogo kuliko makosa yenye nia hiyo. Hapo sheria iliimarishwa kwa kupanua jina la kosa na kupanga adhabu kwa ngazi. Mkosaji aliyesema kwamba alikuwa anatania hakubakiwa na mlango wa kutokea.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba sheria za ukanda huu zimelitaja kosa la kuingilia faragha kwa majina matatu yasiyolingana nalo: kutukana haya, kuchapisha uchafu, na kurekodi bila idhini. La kwanza lilileta adhabu hafifu. La pili lilileta adhabu kali iliyoweza kumwangukia mwathiriwa, na nchini Uganda likaangushwa mahakamani. La tatu lilileta adhabu kali isiyomtofautisha mchunguliaji na shahidi. Katika hali zote tatu, mpangaji wa muzigo bado hana kifungu kilichoandikwa kwa ajili yake.

Kazi iliyopo mbele ya wataalamu wa Kiswahili ni mahususi. Mabaraza na vyama vya Kiswahili vya nchi hizi vinapaswa kushirikishwa katika hatua ya kuandika miswada, kwa kuwa kutafsiri sheria ambayo jina lake limekwisha kupotoka ni kuupeleka upotofu huo katika lugha ya pili. Watunga istilahi waandae orodha ya pamoja ya maneno ya makosa ya faragha kwa matumizi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiongozwa na faragha, ridhaa, kuchungulia na kusambaza. Wahariri nao waandike kwamba fulani anatuhumiwa kusambaza, au kwamba video imesambazwa, na waache kuandika kwamba imevuja. Hayo yakifanyika, bunge litakaloongeza miaka ya kifungo litakuwa linajua linamwongezea nani.

Mwosha maiti hakuhitaji sheria kunyamaza. Jamii ilikuwa imempa jina la kazi yake pamoja na mipaka yake. Mwenye simu hajapewa bado.